Nyama ya Nadhiri

Nejat hakukusudia kusema uongo. Alikusudia kunywa chai, kupumzisha miguu na kuendelea na safari yake. Lakini alikuwa na mdomo mwepesi, na siku hiyo alikuwa na njaa, na wazee waliomzunguka hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Alikuwa ametoka Izmir kwa miguu. Duka lake la mapazia lilikuwa limefungwa, kutwa akawa anashinda mgahawani na rafiki zake wakicheza karata, na siku moja walipomtania kwamba hata ngazi za kwao zinamshinda, akajikuta ametangaza mbele ya watu kwamba atatembea kutoka bahari ya Aegean mpaka Ziwa Van, upande wa pili wa nchi. Wakacheka. Akakasirika. Kesho yake akanunua viatu. Hiyo ndiyo sababu yote ya safari, na kila alipoitazama vizuri aliona haya, maana mwanamume wa miaka arobaini na ushei hakati nchi nzima kwa miguu eti kwa kuwa amechekwa.

Mgahawa huo wa chai ulikuwa kando ya barabara, mbele kidogo ya Afyon.

"Unakwenda wapi, bwana?" mzee mmoja alimuuliza.

"Van."

"Basi la Konya limepita sasa hivi. Hukuliona?"

"Nimeliona. Mimi natembea."

Wakatazamana. "Umetoroka polisi?"

"Hapana."

"Basi umemtoroka mke."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nejat alitazama viatu vyake. Hapo mzee mwenye kofia ya sufu, ambaye hakuwa amecheka, akavuta kiti chake karibu. "Hebu mwacheni. Mtu hatembei hivi bure. Mwanangu, ni nadhiri?"

Nejat alikuwa amechoka kuchekwa. "Ndiyo," akasema. "Ya mama yangu. Anaumwa."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Mtu akainuka kumpisha kwenye kiti chenye mto. Ikaja supu ya dengu, yakaja mayai yanayochemka ndani ya siagi, ukaja mkate wa moto, na mwenye mgahawa akakataa malipo katakata. "Anayetembea kwa ajili ya mama yake halipi hapa," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi.

Mama mwenyewe, Bi Bedia, saa hiyo alikuwa Izmir akibishana na muuza samaki. Alikuwa mzee mwenye miguu ya chuma, akipanda ghorofa nne na vikapu mikononi bila kuhema, na kwenye harusi ya mpwa wake majuzi alicheza mpaka wapiga zumari wakaomba wapumzike. Mara ya mwisho Nejat kumwona mama yake kitandani kwa ugonjwa, yeye Nejat alikuwa bado anavaa kaptura.

Kijiji kilichofuata kilikuwa kinamsubiri. Mtu alikuwa amempigia simu shemeji yake, shemeji naye binamu yake, na binamu ana mke asiyeweza kukaa na habari. Tangu siku hiyo uongo ulikuwa na miguu mizuri kuliko ya Nejat. Kila alikofika ulikuwa umeshafika, umeshakaribishwa, umeshatandikiwa kitambaa cha chakula. Akalishwa majani ya mzabibu yaliyoviringishwa na wali, mikate myembamba ya jibini iliyookwa juu ya bati, malai mazito yaliyomwagiwa asali. Karibu na Konya akina mama walimvua soksi kwa nguvu wakazifua. Mahali pengine bibi mmoja kipofu alimshika mikono yote miwili akamwambia heri tumbo lililokuzaa.

Naye, badala ya kuupunguza uongo, akawa anaunenepesha. Mwanzoni mama alikuwa anaumwa miguu. Kufika Konya lilikuwa ini. Alipovuka Aksaray madaktari walikuwa wamekata tamaa, naye ameahidi kuchinja akifika Van. Mama alipompigia simu kumuuliza kama anakula, alisema anakula. "Nani anakulisha?" "Watu tu, mama." "Washukuru basi, usiwe kama baba yako." Alikata simu huku masikio yakimwaka moto. Kila siku alijiambia kesho ataacha, na kila kesho ilikuja na harufu ya mkate.

Ndivyo alivyofika Karakuyu, kijiji cha nyumba za mawe katika nyanda za juu kati ya Kayseri na Sivas. Ilikuwa majira ya kuchemsha ngano, kabla baridi haijashuka, na katika kila ua kulikuwa na sufuria kubwa juu ya moto, ngano ikitokota ili ianikwe, ivunjwevunjwe na kuwekwa akiba ya mwaka mzima. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane aliyeitwa Elmas. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana na mtandio mweupe uliofungwa chini ya kidevu, na alimvua Nejat begi mgongoni kabla hawajaamkiana.

"Wewe ndiye Nejat."

"Ndiye mimi, shangazi."

"Umechelewa. Walisema ulitoka bondeni tangu juzi. Miguu inauma?"

"Inauma kidogo."

"Kidogo, anasema. Unachechemea kama punda wa mkuu wa kijiji. Kaa hapo."

Alimpakulia ngano ya moto kutoka kwenye sufuria, akainyunyizia sukari na jozi zilizopondwa, akasimama mbele yake kuhakikisha anakula. Nejat alikula. Ilikuwa tamu, nayo ilimkumbusha utoto wake, na kwa muda mfupi alisahau kwamba yeye ni mwongo.

Kisha Elmas akakaa kwenye jiwe, akajifuta mikono, akasema lililokuwa moyoni. Binti yake wa pekee, Nuray, alikuwa amelazwa hospitali ya Kayseri. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na kesho asubuhi wangempasua. Mume wake alikuwa naye huko. Elmas mwenyewe angeondoka na gari la alfajiri.

"Anaogopa," Elmas alisema. "Nuray mwanangu haogopi kitu, lakini hiki anakiogopa. Tangu niliposikia habari zako namwambia, kuna mtu anakuja kwa miguu kutoka Izmir kwa ajili ya mama yake. Dua ya mtu kama huyo hairudi. Nikamwambia akifika kwangu nitamwomba akuombee. Akaniuliza, mama, atapita kwetu kweli? Nikamwambia atapita."

Nejat aliweka bakuli chini. "Shangazi, mimi si mtu wa dua kihivyo."

"Wanaojua kuomba ndio wanaosema hivyo. Sasa nisikilize. Walisema utachinja ukifika Van. Kwa nini ungoje Van? Nina kondoo dume. Nakupa. Nadhiri hailipwi kwa mali ya mtu mwingine, kwa hiyo nakupa kwanza awe wako, halafu umchinje kwa ajili ya mama yako, maskini wa hapa wale, na wewe umkumbuke binti yangu. Ndilo ombi langu. Sina jingine."

Alikwenda zizini akarudi na kondoo huyo, mnene, mwenye doa jeusi usoni. Nuray ndiye aliyemlea kwa chupa kondoo jike aliyemzaa alipokufa, Elmas alieleza, na ndiyo maana alikuwa anamfuata kila mtu kama mbwa. Akaitia kamba mkononi mwa Nejat.

Hapo ndipo pa kusema. Nejat alijua ndipo. Kondoo alikuwa ameanza kutafuna ukingo wa mkono wa shati lake, mama huyo alikuwa anamtazama kwa macho yaliyokesha, na kilichohitajika kilikuwa sentensi moja tu: mama yangu haumwi. Angeisema, angefukuzwa, labda angepigwa kwa mwiko wa ngano, na mambo yangeishia hapo. Alifungua mdomo.

"Mungu akulipe, shangazi," akasema.

Nyuma ya nyumba, imamu alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Walikuwa watatu tu pale, imamu, Elmas na yeye. Imamu akamlaza kondoo, akamgeuza kuelekea kibla, akauliza kwa upole, "Nadhiri ni kwa ajili ya nani? Jina la mama?"

"Bedia," Nejat alisema, na sauti ikamkwama. Kulitaja jina la mama yake mzima mbele ya kisu, kumlilia mtu anayecheza harusini.  Imamu akadhani ni uchungu wa mtoto, akampigapiga begani kabla ya kuanza kazi.

Kufika adhuhuri ua ulikuwa umejaa watu. Wanaume walikaa kuzunguka masinia upande mmoja, wanawake upande wa pili karibu na tanuri, na wote walipopita kwa Nejat waliweka mkono kifuani. Kwenye sinia lake alikaa na imamu na wazee wawili, na pembeni yake alikaa Rustem, mwenye mgahawa wa chai wa kijiji, mtu mwembamba mwenye jicho moja lililozoea kufumba nusu.

"Izmir," Rustem alisema. "Mimi nilikaa Izmir jeshini. Watu wa kule hata msikitini huenda kwa teksi. Leo mmoja wao ametembea mpaka huku. Dunia imebadilika."

"Rustem, acha mgeni ale," mzee mmoja alisema.

"Nimemzuia? Namsalimu tu. Walisema ni ini, bwana Nejat?"

"Ini, ndiyo."

"Pole sana. Linamuuma kulia au kushoto?"

Nejat aliwaza haraka. "Kushoto," akasema.

Rustem alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei ya kitu asichokusudia kununua. "Kushoto. Sawa."

Chakula kikaja. Kwanza supu ya mtindi, kisha sinia kubwa la bulguri, ile ngano iliyovunjwavunjwa, limefunikwa kwa nyama iliyopikwa mpaka ikaachana na mfupa, mafuta yakimeremeta, na juu yake vitunguu vibichi na pilipili kavu. Mbele ya Nejat, mwanamke mmoja aliweka sahani ya peke yake. Ilikuwa na bulguri tupu, mtindi, jibini na kachumbari. Nyama haikuwemo.

Aliitazama sahani hiyo. Alidhani wamesahau. Au labda waliona mtu mwenye huzuni hapendi nyama. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, ile ngano ya sukari ilikuwa imeshayeyuka tumboni, na harufu ya nyama ilikuwa inampiga usoni. Akajisemea wasije wakadhani naringia chakula chao. Ndipo akacheka kidogo, kicheko cha watu wa Izmir cha kuchangamsha meza, akasema, "Naona mimi nyama imenipita pembeni." Akakata kipande cha mkate, akanyoosha mkono kwenye sinia la wenzake, akabana mnofu mzuri, akautia mdomoni.

Mikono yote iliyokuwa kwenye sinia ilisimama.

Mwenye nadhiri haonji nyama ya nadhiri yake. Hali yeye, hawali wazazi wake, hawali watoto wake. Nyama yote ni ya watu. Pale uani hakuna aliyehitaji kuambiwa jambo hilo, walilijua tangu walipokuwa wakinyonya vidole, na mtu anayeweka nadhiri ndiye wa kwanza kulijua, kwa sababu ndilo jambo la kwanza analoulizwa. Nejat hakulijua. Hakuwahi kuweka nadhiri yoyote maishani mwake. Alikuwa anatafuna, na kadiri alivyotafuna ndivyo alivyoona nyuso zikibadilika, mpaka akaelewa kwamba amefanya kitu, bila kujua kitu gani. Imamu alimwangalia mara moja tu, kisha akainamia mkate wake.

"Ehe," Rustem alisema polepole. "Bwana Nejat. Huyu kondoo ni nadhiri ya nani?"

 Hata upande wa wanawake vijiko vikasimama. Nejat alisikia damu ikimpanda shingoni, masikioni, mpaka kwenye mizizi ya nywele. Alitamani ardhi ipasuke. Aliutafuta uongo mwingine, yeye aliyekuwa na uongo wa kila kijiji, na kwa mara ya kwanza tangu Afyon hakuupata.

"Ni yangu," sauti ilisema.

Elmas alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi.

"Ni nadhiri yangu mimi, Rustem. Ya Nuray. Mgeni atachinja ya kwake akifika Van, kama alivyosema toka mwanzo. Nilimwambia ale. Ni hawa wanawake ndio waliochanganya sahani, sikuwaeleza."

"Sisi tulisikia umempa mgeni," Rustem alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ulisikia. Na wewe masikio yako hayajawahi kusikia vibaya. Mmeniona mimi nikitia hata kipande kimoja mdomoni tangu sufuria literemshwe? Haya, mbona mmeacha kula? Mnataka nadhiri yangu ipoe?"

Ilikuwa kweli kwamba hakuwa ameonja. Alikuwa anapakua tangu mwanzo, na mpakuaji huwa wa mwisho. Imamu, ambaye kwa kinywa chake alikuwa amelitaja jina la Bedia juu ya kondoo yule, aliendelea kuutazama mkate wake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Bismillahi, jamani, tuleni," na mikono ikarudi kwenye sinia.

Ikaja adhabu ambayo hakuna aliyeikusudia. Kwa kuwa walikuwa wamemshuku mgeni, na kumshuku mgeni ni aibu, kila mtu alitaka kuifuta. Mzee wa kulia akamwekea mnofu wa paja. Wa kushoto akamwekea mbavu. Rustem mwenyewe akamchagulia kipande laini cha shingo, akakiweka juu ya mkate, akamnyooshea mbele ya mdomo. "Kula, ndugu yangu. Kula ushibe, njia bado ndefu." Nejat akala. Alikula kondoo aliyelelewa kwa chupa, akala uongo wa mama aliyekesha, akala huku macho yakimwasha, na kila alipomaliza kipande kingine kilikuwa kimeshafika. Hakuwahi kushiba kwa uchungu namna ile.

Watu walipoanza kutawanyika alimfuata Elmas kwenye sufuria la ngano. Alikuwa anakoroga, mgongo ameugeuzia ua.

"Shangazi," alisema. "Nataka nikuambie."

"Usiniambie. Nimeona."

"Mimi ni..."

"Nimesema nimeona." Akaendelea kukoroga. Baadaye akauliza bila kumtazama, "Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anaumwa?"

"Hapana, shangazi. Haumwi kitu. Hakuwa akiumwa."

Mwiko ukasimama. Nejat alijiandaa kwa matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Elmas alivuta pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema. Alimaanisha. "Nimekuwa nikimwombea kila sala. Nilikuwa namlilia huyo mama kama dada yangu. Basi vizuri kwamba ni mzima."

Nejat alifunika uso wake kwa mikono. Kama angempiga ingekuwa nafuu.

"Mimi sisemi uongo," Elmas aliendelea, kwa sauti ya kawaida tu. "Marehemu mume wangu alikuwa akinitania, akisema ukitaka siri itoke mpe Elmas. Leo nimesema uongo mbele ya imamu na kijiji kizima, juu ya jina la mwanangu, na kesho anapasuliwa. Sijui Mungu ataupokeaje. Lakini ungefedheheshwa nyumbani kwangu, chini ya paa langu. Ningefanya nini?"

 Kabla Nejat hajajibu, simu ya Elmas ikalia kwenye mfuko wa sketi yake. Aliipokea, uso ukabadilika, akawa anaongea haraka na kwa upole, ndiyo mwanangu, tumechinja, wamekula wote, ndiyo, amefika, yuko hapa hapa. Akasikiliza. Kisha akaitazama simu, akamtazama Nejat, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Nejat aliona woga machoni mwake.

"Anataka kuzungumza na wewe," akasema, akamnyooshea.

Sauti ya Nuray ilikuwa nyembamba, ikikatishwa na pumzi fupi. "Kaka Nejat? Samahani kukusumbua. Mama anakusema kila siku, nimekuzoea bila kukuona. Nilitaka kuuliza tu. Mama yako anaendeleaje?"

Elmas alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Nejat aliapa moyoni kwamba hatasema tena uongo, si katika ua huu, si katika simu hii.

"Mama yangu ni mzima," akasema. "Haumwi kabisa."

 Upande wa pili akasikia mtu akilia na kucheka kwa pamoja.

"Amepona," Nuray alisema. "Ya Rabi, amepona. Umesikia?" Alikuwa anamwambia mtu aliye karibu naye, mumewe au muuguzi. "Mama yake yule anayetembea amepona. Madaktari walikata tamaa na amepona. Kaka, hujui umenifanyia nini. Tangu jana nilikuwa natetemeka. Sasa siogopi. Wallahi siogopi. Nipe mama."

Nejat alirudisha simu.  Alikuwa amesema ukweli, ukweli mtupu, wa kwanza tangu Afyon, na ukweli huo ulikuwa umegeuka uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuusema. Elmas alisikiliza, akaitikia, akambariki binti yake, akasema tutaonana alfajiri. Alipoiweka simu mfukoni alikaa juu ya jiwe, ghafla amezeeka.

"Mwache aamini mpaka kesho," akasema. "Akitoka salama nitamwambia mwenyewe. Asipotoka salama..." 

Aliinuka akaingia ndani, akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga mkate. Alipotoka alikuwa na furushi la mikate myembamba, jibini na nyama ya yule kondoo, akalitia kwenye begi la Nejat na kulifunga kamba mwenyewe, kama anavyomfungia mtoto wake.

"Shangazi, hiyo nyama siitaki."

"Ni ya maskini," alisema. "Chukua." Akambebesha begi mgongoni, akamnyoosha mikanda begani. "Nikuambie kitu, Nejat. Pale Afyon, au popote ulipoanzia. Ungesema unatembea tu. Bila sababu. Tungekulisha hivyo hivyo. Nani kati yetu alikuuliza sababu kabla ya kukuwekea chakula? Mtu akibisha hodi na ana njaa, tunauliza nini zaidi?"

Nejat alitaka kuubusu mkono wake, kama mtu anavyomuaga mkubwa wake. Elmas aliurudisha nyuma, bila ukali, akaenda kutazama ngano.

Njia ya kutokea kijijini ilipita mbele ya mgahawa wa chai. Alitembea upesi, kichwa chini, akitumaini kwamba watakuwa wamelala baada ya kushiba. Hawakuwa wamelala. Nuray alikuwa amempigia binamu yake, na binamu yake alikuwa mke wa Rustem, na wanaume wote walikuwa wamesimama kwenye baraza la mgahawa, mikono vifuani, kama watu wanaosubiri jeneza au bwana harusi.

Rustem alishuka ngazi. Jicho lake lililozoea kufumba nusu lilikuwa wazi lote, nalo lilikuwa jekundu. Alimsimamisha Nejat katikati ya njia, akamshika mikono yote miwili.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi ni mtu mbaya. Nilikushuku. Tangu ulipokaa kwenye sinia nilikushuku. Lile swali la ini nilikuuliza makusudi, nikutege. Na nyama nilikuuliza makusudi pia, nikuaibishe mbele ya watu. Nilisema moyoni mwangu huyu ni mwongo, anakula jasho la wajane. Na wakati huo Mungu alikuwa anampa mama yako uzima." Sauti ikamkatika. "Usiondoke na deni langu. Niwie radhi. Sema mbele ya hawa kwamba umeniwia radhi, nisije nikalibeba mpaka kaburini."

Wanaume wa barazani waliinamisha vichwa. Hivyo ndivyo inavyofanywa: aliyekosa anaomba, aliyekosewa anatamka, na bila tamko hakuna anayeweza kwenda zake. Nejat alitazama uso wa mtu yule, mtu pekee kati ya Izmir na Karakuyu aliyekuwa amemwona jinsi alivyo. Maneno yalikuwa kwenye ulimi wake: ulikuwa sahihi, Rustem, kila neno. Angeyatamka, na kabla hajafika kwenye kona ya njia mke wa Rustem angekuwa kwenye simu, na Nuray angeyasikia akiwa kitandani, na kesho angeingizwa chumba cha upasuaji akitetemeka.

Aligeuka nyuma. Mwisho wa njia Elmas alikuwa amesimama getini kwake, mwiko mkononi, anawatazama. Alikuwa mbali mno kusikia, lakini alijua kinachoombwa, maana alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Nimekuwia radhi," Nejat akasema.

Rustem akamkumbatia, akambusu mashavu yote mawili, na wanaume wakateremka ngazi mmoja mmoja kumshika mkono.